Uwele Ulioamka

Mkitaka kujua kama chuma cha wafo, ile mikate ya vijumba vijumba, kimepata moto, msikiguse. Najua mtakigusa, maana hata mimi nilikigusa, na kidole changu hiki cha shahada kina kovu mpaka leo. Chovyeni vidole kwenye maji, mdondoshe tone moja juu ya chuma. Tone likitulia na kuchemka polepole, bado. Likikimbia huku na huku kama limefukuzwa, pakeni mafuta, kazi ianze.

Nimeanza na chuma kwa sababu ndicho mnachoniuliza kila mnapokuja hapa uani kwangu Kikuyu, nyie wanafunzi wa vyuo na nyie vijana wa maofisini mliohamia Dodoma na sufuria mbili na jiko la gesi. Mnabisha hodi, mnanipa shikamoo, na kabla sijamaliza kusema marahaba mmeshauliza, "Mzee Yona, zile wafo za kunde zinapikwaje?" Mmoja wenu alitaka nimtumie kwa simu, mistari mitano tu. Kwa mistari mitano naweza kumweleza mtu kuchemsha yai. Mwingine, binti wa ofisi moja hapa mjini, alitafuna kipande akaniuliza, "Mzee, hii ni healthy kweli?" Nikamjibu, "Mwanangu, hiyo ni kunde." Sasa kaeni kwenye mikeka, niwaeleze kwa namna yangu, maana chakula hiki kina watu ndani yake.

Nimepika karibu maisha yangu yote ya kazi kwenye hosteli moja ya wanafunzi hapa mjini. Nimelisha waliokuja kuwa walimu, manesi na mahakimu. Kuna mmoja nilimwona kwenye televisheni amevaa tai, anazungumzia lishe ya taifa kwa uchungu mkubwa, nikamwambia mke wangu, "Huyu alikuwa anaficha chapati kwenye soksi."

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Tito, mpishi mkuu wakati mimi naingia. Alikuwa mfupi na mkali, na mwiko wake ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu, kwa hiyo hukuwa na pa kukimbilia. Siku za mwanzo alinikuta namuuliza mwanafunzi kama chakula ni kitamu. Alinivuta mpaka jikoni. "We kijana, unamuuliza nini? Atakwambia kitamu, si amelelewa? Tazama sahani inavyorudi." Tangu hapo nikajifunza kusoma sahani. Wali uliosukumwa pembeni unasema chumvi imezidi. Mchuzi ukinywewa maharage yakaachwa, basi maharage hayakuiva. Sahani iliyorambwa haisemi kitu, unaiosha tu unakwenda nyumbani umefurahi.

Makosa nimeyafanya mengi, na mengine yalinuka. Mara ya kwanza kupewa zamu ya kunde niliona habari ya kuloweka ni uvivu wa wazee. Nikazitia sufuriani kavukavu, nikachochea moto mpaka zikaiva kwa lazima. Wanafunzi wakala jioni, asubuhi wakaingia kwenye mtihani. Nasikia msimamizi alifungua madirisha yote, kisha akafungua mlango, kisha akatoka yeye mwenyewe. Waliniita Mzee Bomu, na wakati huo hata ndevu sikuwa nazo.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Kunde, choroko, dengu, njugu mawe, chochote cha ukoo huo, hulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji yale mnayamwaga, msiyaonee huruma, halafu mnasuuza mpaka maji yatoke safi. Maganda yanayoelea mnaweza kuyatoa kidogo, lakini msiyamalize. Mkiyamaliza mtakuwa mmetupa nusu ya chakula, halafu mtakwenda duka la dawa kununua kile mlichowapa kuku.

Sasa chuma. Kililetwa hosteli na mwalimu mmoja mgeni aliyekaa kwetu muhula mmoja. Ni vyuma viwili vizito vilivyounganishwa kwa bawaba, vina mikono mirefu, na ndani vina vijumba vijumba kama sega la nyuki. Unamimina rojo katikati, unafunga, unaweka juu ya mkaa, ukifika wakati wake unageuza. Mwalimu yule alitupikia wafo za ngano na sukari, wanafunzi wakazipenda, muhula ukaisha akaenda zake. Chuma kikabaki, na hakuna aliyekuwa na muda wa kupika wafo moja moja kwa ukumbi mzima wa wenye njaa. Kikafanywa kizuizi cha mlango wa stoo, na mnaujua upepo wa Dodoma ulivyo na ugomvi na milango.

Nilipostaafu, wenzangu waliniuliza nataka nini cha kukumbukia. Nikasema, "Nipeni kile chuma cha mlangoni." Walicheka sana. Mke wangu alicheka zaidi yao, akaniuliza kama na nyumbani kuna mlango unaotusumbua.

Mke wangu anaitwa Yuditha. Kwao ni kijiji kimoja mbele ya Buigiri, na kabla hajaugua alikuwa mtu wa kula na kusema, vyote kwa pamoja. Mwaka ule niliostaafu ndipo alipoanza kufifia. Nilidhani ni uchovu. Kumbe alikuwa akipoteza damu nyingi kila mwezi na amenyamaza, anasema ni mambo ya wanawake, yatapita. Hayakupita. Siku moja alikuwa anaanika nguo hapo kwenye kamba, akaketi chini taratibu kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, akashindwa kunyanyuka.

Hospitali walikuta uvimbe tumboni. Daktari, dada mmoja kijana mwenye sauti ya upole, aliniweka pembeni. "Baba, uvimbe tutautoa, hilo tunaliweza. Tatizo damu yake iko chini mno. Nikimpasua hivi alivyo, naweza nisimrudishe kwako. Mpe hivi vidonge, na ale. Mbegu za mikunde, nafaka isiyokobolewa, mboga za majani, nyama mkipata. Na chai asinywe pamoja na chakula. Damu ikipanda, mlete."

Hilo ndilo lilikuwa mbele yetu, vijana wangu. Akila, atapasuliwa apone. Asipokula, uvimbe utaendelea kumnywa damu mpaka mwisho wake. Na mimi ni mpishi. Nikasema moyoni, kama ni kula, hapo amepata mtu.

Nilijidanganya. Vidonge vilimjaza kichefuchefu na kinywani akawa anasikia ladha ya msumari. Nikampikia maharage, akageuka ukutani. Nikampikia uji wa dona na karanga, akasema unanuka. Nikasonga ugali wa uwele kwa mlenda, chakula alichokulia tangu hajaota meno, akalia kwa sababu alitaka kula na alishindwa. Dada yake, Mbeleje, alikuja kutoka kijijini kutusaidia kumuuguza. Huyo ni shemeji yangu, na mnajua mashemeji wa huku. Hajawahi kuniachia neno likapita bila kulirudisha na riba. Alinikuta nakoroga uji, akachungulia sufuriani, akasema, "Shemeji, kumbe miaka yote hiyo hosteli walikuwa wanakula hiki? Ndiyo maana watoto wa siku hizi wembamba."

Halafu mambo yakawa mazuri ghafla. Yuditha akawa anasema tumwachie chakula pale kwenye kigoda nje ya dirisha lake, apate hewa, atakula akiwa peke yake. Sahani zikaanza kurudi tupu. Nikazisoma kama nilivyofundishwa, nikamshukuru Mungu, nikaongeza kijiko. Ikapita kama wiki hivi. Asubuhi moja Mbeleje amesimama uani, mikono kiunoni, anatazama kuku wetu. "Shemeji," akasema, "hawa kuku mnawapa nini? Mbona wananenepa?"

Nikakitazama kile kigoda chini ya dirisha, nikaelewa nani amekuwa akimaliza sahani. Nikaingia chumbani. Nilitaka kufoka, sauti ikatoka nyingine. "Yuditha, unataka kuniacha?"

"Sitaki, Baba Elia," akasema. "Kinakataa kushuka. Kila kilaini kinanirudi. Sikutaka kukuona unavyotazama sahani."

Nililia mbele yake, na sioni aibu kuwaambia. Mtu niliyelisha ukumbi mzima nimeshindwa kulisha mdomo mmoja, tena mdomo ninaoupenda. Yeye ndiye aliyenibembeleza. Akanipapasa kichwa, akafikiri, kisha akasema, kama anazungumza na mtu mwingine kabisa, "Labda ukoko. Ukoko ningeweza kuutafuna."

Ukoko! Ule wa chini ya sufuria, tuliokuwa tukigombania utotoni. Ni mkavu, unavunjika mdomoni, haunuki kama uji. Lakini sufuria nzima ya ugali inakupa ukoko kidogo, na hauna maharage ndani. Nilitoka uani nikaanza kuzungukazunguka, nawaza ni chombo gani kinachoweza kupika kitu kiwe ukoko juu na ukoko chini. Nikakumbuka chuma. Kilikuwa mlangoni, kinafanya kazi ileile ya zamani.

Msidhani siku ile ile nilifanikiwa. Wafo ya kwanza niliipika kwa unga wa uwele na kunde za kusaga, rojo zito kama la kusiliba nyumba. Ilitoka nzima, nikaifurahia, nikaigonga kwa kisu ikalia. Mbeleje aliipima mkononi. "Hii tusiitupe, shemeji. Usiku akija mwizi tunamalizana naye." Ya pili nikaongeza maji, ikabaki nusu huku na nusu kule nilipofungua chuma. Hapo nikagundua kosa langu: nilifungua mapema. Wafo ikiwekwa motoni hutoa mvuke pembeni, tena kwa fujo. Wakati huo inaiva, haitaki mtu. Mvuke ukipungua mpaka ukakoma, ndipo ufungue. Siku hizi mna mashine za umeme zenye taa ya kijani, na sina ugomvi nazo, hata mimi mwanangu Elia ameninunulia moja. Lakini taa yake haijui kama rojo lako ni la uwele au la ngano. Tazameni mvuke.

Nikaona pia unga wa dukani una uchungu, maana unga wa uwele ukikaa sana unachacha. Nikaamua kuanza na punje zenyewe: niziloweke, nizisage mbichi pamoja na kunde, kisha niache rojo lipate vipovu na kupanda kabla ya kulipika, ndipo wafo iwe nyepesi. Nikaloweka uwele kwenye beseni. Asubuhi nikawa nampeleka Yuditha kliniki, nikamwambia Mbeleje mlangoni, "Shemeji, huo uwele usiuguse. Nikirudi nitausaga, halafu tutauacha uumuke."

Kutoka kliniki hatukurudi nyumbani siku ile. Damu ilikuwa imeshuka zaidi, wakamlaza, wakamwongezea chupa za damu. Yule daktari akaniambia bila kunificha kwamba damu ya kuongezewa ni ya kuvukia tu, haiwezi kuwa ya kila wiki, lazima mwili wake utengeneze ya kwake. Nikawa nalala kwenye benchi la nje, uwele nimeusahau kabisa.

Tuliporudi nyumbani, nikatafuta beseni nisilione. "Shemeji, uwele wangu uko wapi?"

Mbeleje akatabasamu kwa fahari. Akanipeleka nyuma ya mlango wa jiko, akafunua gunia bichi. "Huu hapa. Umeamka wote!"

Punje zote zilikuwa zimetoa mikia myeupe.

Sasa eleweni. Huko kijijini kwao hakuna tanuri la mikate. Neno kuumuka hajawahi kulihitaji. Na Mbeleje ni mpika pombe wa kienyeji, tena mwenye jina. Kwao wapika pombe, punje ikichipua ndiyo wanasema imeamka. Yeye alisikia, "tutauacha uamke." Akajua shemeji yake anataka kimea na amekwama hospitali, akaona amsaidie. Akamwaga maji, akaufunika uwele kwa gunia, akawa anaunyunyizia asubuhi na jioni, kwa upendo wote.

"Nilisema uumuke!" nikapiga kelele.

"Si umeamka?" naye akapiga kelele.

"Kuumuka! Kupanda! Kama mkate!"

"Mkate mimi nausikia wapi? Wewe sema Kiswahili cha watu, shemeji."

Kutoka chumbani tukasikia sauti. Yuditha alikuwa anacheka. Dhaifu, ya kukatikakatika, lakini ni kicheko. Tukasogea mlangoni wote wawili kumsikiliza. Nilikuwa nimeshasahau kinavyosikika.

Uwele mwingine sikuwa nao pale. Mbeleje aliukausha ule juani, akausugua kwa viganja mpaka mikia na vizizi vikatoka, akapepeta. Hilo msiliruke hata kidogo, vichipukizi havitiwi kwenye chakula. Nikausaga wote, nikachanganya karibu unga wote na kunde zilizolowekwa. Nilipoliacha rojo kidogo nikakuta limekuwa maji. Nikaongeza unga uleule, likawa maji tena. Nikamimina hivyohivyo kwa hasira. Likakimbia pande zote za chuma, likadondokea kwenye mkaa, na lililobaki likaganda kwenye vijumba kama gundi. Nilikwangua chuma kile na kijiti jioni nzima. Mbeleje alikaa karibu yangu ananitazama, kisha akasema kwa utaratibu, bila utani safari hii, "Shemeji, kimea ndiyo kazi yake hiyo. Kinalegeza. Sisi uji mzito tukitaka unyweke, tunatia kidogo tu. Wewe umemwaga wote."

Nililamba kijiti. Vile vipande vilivyoganda vilikuwa vimepata rangi ya asali, na vilikuwa vitamu, na hakuna aliyetia sukari.

Kesho yake tulianza upya, tukiwa wawili, kila mmoja na ujuzi wake na kelele zake. Tulitafuta uwele mwingine, tukauloweka. Vikombe viwili vya uwele uliolowekwa, kikombe kimoja cha kunde zilizolowekwa, konzi ya karanga, chumvi, maji kidogo kidogo mpaka rojo lishuke kwenye mwiko kwa uvivu. Tukasaga, tukaliacha mahali penye joto mpaka likapanda na kutoa vipovu. Ndiyo, likaumuka, na nilimwita shemeji aje aone neno lenyewe linavyofanana. Mwishoni kabisa, chuma kikiwa tayari na moto, tukatia kijiko kimoja cha ule unga wa kimea uliobaki na mafuta ya alizeti, tukakoroga, tukamimina papo hapo. Kimea kikitiwa mapema kitawalegezea kila kitu, kikitiwa dakika ya mwisho kinatoa rangi na utamu na hakipati nafasi ya kuharibu. Mkikumbuka moja tu katika niliyosema leo, kumbukeni hilo.

Mvuke ulitoka, ukapigana, ukapungua, ukakoma. Nikafungua. Wafo ikajitenga na chuma yenyewe, kavu, ya rangi ya ngozi ya mtu wa huku kwetu, inatoa harufu ya ukoko.

Sikuipeleka chumbani. Sikupata nafasi. Nilipogeuka, Yuditha alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, kanga imemlegea kiunoni. Alikuwa amefuata harufu kwa miguu yake. Mbeleje akamwekea kigoda. Nikaikata wafo vipande, nikavinyunyizia ubuyu uliokorogwa mzito, ule uchachu wake ukamwamsha ulimi. Alivunja kona. Ikalia mdomoni, krrr. Akatafuna muda mrefu. Ikashuka. Akavunja kona ya pili.

Sikumuuliza kama ni tamu. Niliwatazama kuku. Walikuja wote, wakajipanga mbele ya kigoda kama kawaida yao, wakasubiri, na hawakupata kitu.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kila siku, na niliipenda kuliko kazi yoyote niliyolipwa. Mbaazi zikipatikana natia mbaazi. Njugu mawe nilizichemsha kwanza kidogo, maana ni sugu. Mchicha naukaanga na kitunguu naujaza katikati ya wafo mbili. Wakati wa zabibu, jirani mmoja anayefanya kibarua Makutupora alituletea zilizokaukia kwenye mti, tukazikatakata ndani ya rojo, Yuditha akala mbili na kuulizia ya tatu. Vidonge aliendelea kunywa kama alivyoambiwa, asije mtu akasema Mzee Yona anatibu kwa wafo. Mpishi hatibu. Mpishi anafungua njia, basi.

Tulipokwenda kupima tena, damu ilikuwa imepanda. Safari iliyofuata ikawa imepanda zaidi. Yule daktari alisoma karatasi, akatabasamu, akasema vidonge vimefanya kazi na chakula kimefanya kazi. "Na mimi," akadakia Mbeleje, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wake. Daktari akamtazama, akacheka, akasema, "Na wewe, mama." Tukapangiwa siku ya upasuaji.

Siku ya kulazwa, nesi alitueleza kwamba kuanzia jioni ile Yuditha asiweke kitu mdomoni mpaka atoke chumba cha upasuaji. Mimi nikaitikia, nikaenda kulala bila kulala. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, uso umekunjamana, anatazama ukuta. Nikajua ni hofu. Hata mimi nilikuwa nayo. Nikamshika mkono. "Unaogopa, mke wangu?"

"Naogopa nini?" akasema. "Nina njaa! Hebu muulize yule binti wananipasua saa ngapi, maana hapa nitakufa kwa njaa kabla hawajanifikia."

Nilitoka kwenye korido nikaegemea ukuta. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Watu wameniambia wana njaa tangu nikiwa kijana wa kuosha masufuria, kwa kupiga meza, kwa kugonga dirisha la jiko, wengine kwa matusi. Sikuwahi kulisikia neno hilo kama nilivyolisikia asubuhi ile. Mbeleje alikuja akanitazama usoni. "Shemeji, unalia au unacheka?" Nikamwambia sijui. Akaegemea ukuta karibu yangu, naye akafanya vyote viwili.

Alasiri daktari alitoka akavua barakoa, akasema uvimbe umetoka wote na mama anaendelea vizuri. Jioni wakaturuhusu kuingia. Yuditha alikuwa na midomo mikavu na macho mazito, mpira wa maji mkononi. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Umeniletea?"

Nilikuwa nimeleta. Mbili, ndani ya hotipoti, nimezifunga kwa kitambaa zisilainike. Lakini nesi aliyekuwa anapima mapigo akatikisa kichwa. Leo maji kidogo kwa kijiko, kesho labda uji mwepesi, vya kutafuna mpaka daktari aruhusu. Yuditha akamsikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akafumba macho.

"Basi ifungue hiyo hotipoti," akasema, "uiweke hapa karibu na mto, ninuse."

Nikaifungua, nikaiweka.